Picha Zetu Katika Kijitabu Hiki: Ukubwa, Mahali na Haki ya Kila Mmoja

(Mazungumzo ya Mwenyekiti katika Mkutano Mkuu wa wanachama na wageni waalikwa, siku ya kupitia rasimu ya kijitabu cha miaka 10. Yamechapwa hapa kwa maombi ya wanachama.)



Miaka 10 si haba. Hesabu za hisa, mikopo na mfuko wa jamii mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina, na zimo katika kurasa za mbele za rasimu mliyoshika mikononi. Sisi tumeombwa tueleze jambo jingine ambalo limeleta maneno mengi kuliko hata riba: picha. Mbona picha ya fulani iko hapa? Mbona yule ni mkubwa na huyu ni mdogo? Mbona fulani bado yumo?

Maswali hayo ni ya haki. Pesa ya kuchapa ni ya wanachama, na sura zilizomo ni za wanachama. Kwa hiyo tutaeleza kazi ilivyofanyika, hatua kwa hatua, ili kila mmoja aelewe, na vikundi jirani vilivyokuja kututazama navyo vipate cha kuondoka nacho. Leo hii anayetaka kutengeneza albamu ya arusi, ya mahafali au ya kumbukumbu ya marehemu, kazi ni ile ile.

Ndugu wanachama, zamani kupanga kurasa ilikuwa kazi ya mkasi na gundi. Mchapaji alikata maandishi, akakata picha, akabandika juu ya karatasi. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Marekani ilitoa programu iitwayo PageMaker, mtu akaweza kupanga maandishi na picha kwenye kioo cha kompyuta mezani kwake. Tangu hapo zimetoka programu nyingi. Sisi tumetumia Scribus, kwa sababu ni ya bure na haidai leseni. Aliyeshika kompyuta ni binti wa mwanachama mwenzetu, naye tumemlipa ujira wake kama fundi mwingine yeyote. Kamati ilikaa naye bega kwa bega. Yeye alishika kipanya, sisi tukashika rula.

Rula ndiyo ilikuwa ya kwanza. Kabla ya kuingiza picha hata moja tulikubaliana vipimo. Kijitabu ni saizi ya A5, yaani karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati: upana milimita 148, urefu milimita 210. Kina kurasa 32 bila jalada. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa 4, kwa hiyo ni karatasi 8 tu zilizopigwa pini katikati. Anayetaka kurasa 30 au 33 ajue mapema kwamba hesabu haikubali. Lazima zigawanyike kwa 4.

Pembeni mwa kila ukurasa tuliacha pambizo, milimita 15 upande wa ndani penye mkunjo na milimita 12 upande wa nje. Katikati pakabaki milimita 121 za kufanyia kazi. Hizo 121 ndizo shamba letu, na shamba likishapimwa ugomvi unapungua. Picha pana inachukua zote 121. Picha mbili zikikaa sambamba, na milimita 5 kati yake, kila moja ni milimita 58. Picha tatu sambamba, kila moja ni 37. Tulikataa saizi nyingine yoyote isipokuwa picha ya katikati, ambayo tutaifikia. Ndiyo maana mkifungua rasimu mnaona kurasa zimetulia, hazifanani na mbao za matangazo ya stendi.

Sasa tuje kwenye kisanduku. Katika programu ya namna hii, kwanza unachora kisanduku tupu kwa vipimo unavyotaka, halafu ndipo unaitia picha ndani yake. Kisanduku ni kitu kimoja na picha ni kitu kingine. Chukueni mfano wa dirisha. Ukisimama ndani ya nyumba unaona mnazi na nusu ya ng'ombe, lakini ng'ombe huko nje yuko mzima. Ukilisogeza dirisha utamwona wote. Picha nayo ndivyo ilivyo. Sehemu isiyoonekana haijapotea, imejificha tu nyuma ya ukingo, na inaweza kurudishwa hata kesho. Hili lilitusaidia sana katika mabishano, maana tuliweza kujaribu hivi na vile pasipo kuiharibu picha ya mtu.

Ukubwa wa picha unabadilishwa kwa kuvuta pembe, na upana na urefu lazima viende pamoja. Ukivuta ubavu peke yake, mtu ananyooka kama mlingoti au anatanuka kama chapati. Rasimu ya kwanza tuliyoletewa na duka moja, kabla hatujaamua kufanya wenyewe, ilikuwa na mama zetu wawili waliotanuliwa hivyo ili wajaze nafasi. Watu walicheka. Lakini mmoja wao hakucheka, na alikuwa na haki. Mtu ametoa picha yake kwa imani, wewe unamrudishia mwili usio wake! Katika Scribus kuna mahali pa kuweka alama ya tiki ili picha iingie ndani ya kisanduku bila kupoteza uwiano wake. Tuliweka tiki hiyo kwa kila picha, na tulikagua moja moja.

Jambo la pili ni nukta. Picha ya simu au ya skana imetengenezwa kwa nukta nyingi ndogo ndogo, na kwa kazi ya kuchapa inatakiwa nukta 300 kwa kila inchi moja, yaani kwa kila milimita 25 na kidogo. Akina mama, hii ni hesabu ya uji. Unga ni ule ule uliopimiwa. Ukiongeza maji sufuria inajaa kweli, lakini uji unakuwa mwepesi. Nukta ndizo unga, na kuikuza picha ni kuongeza maji. Programu yenyewe huonyesha idadi ya nukta kwa inchi baada ya picha kukuzwa, kwa hiyo hakuna haja ya kubahatisha.

Picha nyingi mlizotuletea kwa WhatsApp zilitufikia zikiwa na nukta 1600 kwa 1200. Kisanduku cha milimita 121 kinahitaji nukta 1429 kwa upana, kwa hiyo zinatosha. Lakini ile picha ya mavuno ya bustani yetu, ambayo wote mlitaka ikae kurasa mbili za katikati, ilikuwa na hadithi yake. Kurasa mbili pamoja ni milimita 297 kwa upana. Ongeza milimita 3 kila upande zitakazokatwa na mashine ili usibaki ukingo mweupe, inakuwa 303. Kwa nukta 1600 tulipata nukta 134 tu kwa inchi. Huo ni uji wa mgonjwa. Tukamwomba mwenye simu atuletee ile ya asili kwa waya, si ile iliyotumwa. Ilikuwa na nukta 4000 kwa 3000, ikatoa nukta 335 kwa inchi. Ni picha ile ile na siku ile ile, tofauti ni njia iliyopitia. Anayetaka kutuma picha kwa WhatsApp bila kupunguzwa aitume kama faili la hati.

Kwa nini kurasa za katikati? Kwa sababu kurasa za 16 na 17 zimo kwenye karatasi moja isiyokatika. Picha ikitandazwa mahali pengine, nusu yake inachapwa karatasi hii na nusu karatasi nyingine, na zikikutana hazilingani. Hata hapo katikati tuliangalia pini. Tuliisogeza picha hadi mkunjo upite kwenye mahindi, usipite usoni kwa mtu. Na kwa kuwa rangi ni ghali, karatasi hiyo ya katikati pekee ndiyo itakayochapwa kwa rangi, tunapata kurasa 4 za rangi, kuanzia 15 hadi 18. Nyingine zote ni nyeusi na nyeupe.

Ndugu wanachama, hayo ni ya vipimo. Sasa tufike penye moyo wa jambo.

Fungueni ukurasa wa 5, wa 6 na wa 7. Hapo wamo wanachama wote 27, tisa kila ukurasa, kila mmoja katika kisanduku cha milimita 37 kwa 45, kwa mpangilio wa namba za daftari la kikundi. Mtaona Mwenyekiti yumo humo humo, Katibu yumo, Mweka Hazina yumo, na wote ni milimita 37. Ilitolewa hoja kwamba viongozi wawe na ukurasa mzima kila mmoja, kama tunavyoona katika vijitabu vingine. Kamati ilikataa, na sababu ni ya kikundi chenyewe. Siku ya kikao hisa ya kiongozi inapigwa muhuri sawa na hisa ya mwingine, muhuri hauna wa kiongozi na wa mwanachama. Basi na picha iwe hivyo.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawakuitazamia. Kisanduku cha milimita 37 kinahitaji nukta 437 tu kwa upana. Maana yake mwenye simu ya bei kubwa na mwenye simu ya kuazima, wote wanatoka safi sawasawa. Tungefanya visanduku vikubwa, picha za wenzetu wasio na simu nzuri zingetoka na ukungu, na kila afunguaye angejua nani ana uwezo na nani hana. Kisanduku kidogo kimetusitiri.

Lakini visanduku kulingana hakutoshi, maana ndani yake mmoja anaweza kuwa uso mtupu na mwingine akaonekana kwa mbali kama amesimama ng'ambo ya mto. Kwa hiyo tulipima sura pia: kutoka kidevuni hadi utosini, takriban milimita 25 kwa kila mtu. Tuliacha nafasi kidogo juu ya kichwa au kilemba, na macho yakakaa karibu mstari mmoja. Anayetazama pembeni tulimweka upande ambao anatazama ndani ya ukurasa, asiwe kama anaondoka. Na pale tulipopunguza kingo, hatukukata kwenye maungio ya mwili, si shingoni, si kiwikoni wala kwenye kifundo cha mkono, maana picha iliyokatwa hapo inaonekana kama mtu amekatwa kweli.

Watatu kati ya hao 27 wametangulia mbele ya haki. Walikuwepo waliopendekeza ukurasa wao wa peke yake wenye ukingo mweusi. Tuliwauliza watoto wao, wakasema mama zao wakae na wenzao. Basi wamekaa na wenzao, kwa namba zao za daftari, na chini ya jina kuna mwaka waliotutoka.

Mmoja wao hakuwa na picha ya peke yake popote. Ilikuwepo moja tu ya karatasi, sentimita 10 kwa 15, yuko katikati ya watu watano. Sehemu yenye kichwa na mabega yake ilikuwa milimita 18 kwa 22. Kuikuza ifike 37 ni zaidi kidogo ya mara mbili. Ingepigwa skana kwa nukta 300 tungepata kivuli cha mtu, kwa hiyo iliskaniwa kwa nukta 600, ikatoa nukta 425, na hizo zikatosha. Kanuni ni nyepesi: picha ya karatasi ikitakiwa ikue mara mbili, nukta za skana nazo ziwe mara mbili. Si kali kama nyingine, kwa sababu karatasi yenyewe imechoka, lakini ni yeye. Begani mwake mtaona vidole vya mtu. Huo ni mkono wa jirani yake pale alipokuwa amesimama. Fundi aliuliza kama avifute. Tulisema viache.

Mwenzetu mwingine yu hai na yuko hapa leo, aliomba sura yake isichapwe. Hatukumwuliza sababu. Kisanduku chake kipo, milimita 37 kwa 45, kina jina lake na picha ya mkeka alioufuma kwa mkono wake. Hakuna aliyerukwa.

Sasa lile swali la mwisho, na tulisema wazi ili lisibaki la kunong'ona. Ukurasa wa 3 una picha ya waanzilishi siku ya kikao cha kwanza. Ndani yake wamo wawili waliotoka kikundini baadaye, na kutoka kwao hakukuwa kuzuri. Wapo waliosema tuwakate, na kwa kompyuta ni kazi ya dakika moja: unasogeza ukingo wa kisanduku, mtu wa pembeni hayupo tena.

Kamati ililizungumza jambo hili vikao viwili. Jibu letu ni kwamba siku ile walikuwepo. Walichangia hisa ya kwanza pamoja nasi, na majina yao yamo katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Tukiwakata kwenye picha, itabidi tukachane na ukurasa wa daftari, na kikundi kinachochana kurasa za daftari lake hakuna atakayekiamini kwa akiba yake. Ya kutoka kwao yalimalizwa kwa katiba, na kumbukumbu yake imo katika mihutasari. Picha ya waanzilishi itabaki nzima, upana milimita 121.

Kwa kuwa kukata ni rahisi namna hiyo, tuliweka utaratibu. Sanduku letu la fedha lina kufuli 3, na funguo zake ziko kwa watu 3 tofauti. Hakuna anayelifungua peke yake. Hali kadhalika, hakuna kisanduku cha picha kilichobadilishwa pasipo saini za hao hao watatu kwenye karatasi ya ukurasa.

Machache ya ufundi kwa vikundi vitakavyofuata. Kwanza, programu kama Scribus haiimezi picha, inakumbuka tu mahali ilipowekwa. Ukihamisha kazi kwa flashi bila picha zake, huko uendako visanduku vitafunguka vitupu. Wekeni kila kitu katika folda moja. Pili, pateni faili za picha majina kwa namba za daftari, 01 hadi 27, ili sura ya mmoja isipate jina la mwingine. Tatu, mchapaji apelekewe PDF, yenye zile milimita 3 za kukatwa. Nne, kabla ya yote ombeni nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Kioo cha kompyuta kina mwanga, karatasi haina. Ngozi zetu kwenye karatasi ya kawaida hunywa wino, na sura inayong'aa kiooni inaweza kutoka nyeusi tii isiyo na macho. Tuliongeza mwanga kwa kila picha kidogo kidogo, tukachapa, tukatazama nje juani, mpaka kila mtu akatambulika.

Ndugu wanachama, rasimu iko mbele yenu. Mchapaji anaisubiri Jumatatu, na ikishachapwa haina marekebisho. Kila mmoja atafute kisanduku chake, atazame sura, atazame jina lilivyoandikwa, kisha atie saini yake au dole gumba pembeni. Aliyefiwa atie kwa niaba ya marehemu wake. Asiyeridhika aseme leo, hapa, mbele ya wote. Kalamu ziko mezani kwa Katibu.

Tuanze na namba 01.